Kiti Namba 14

Leo nataka tuzungumze habari za kompyuta. Najua wapo ambao wakilisikia neno hilo mkono unakwenda kwenye redio kutafuta stesheni yenye muziki. Nawasihi wangoje kidogo, maana mambo yenyewe yalianza na nauli ya basi.

Mwaka jana shangazi yangu anayeishi Iringa alipangiwa siku ya kliniki Dar es Salaam, Jumatatu asubuhi. Ni mtu mzima, miguu inamsumbua, na siku ya kliniki ukiikosa unaweza kungoja miezi mingine mitatu. Basi Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, nikamkatia kwa simu tiketi ya basi la Jumapili. Fedha zikakatwa papo hapo: shilingi 35,000 za nauli na shilingi 1,200 za ada. Tiketi haikuja.

Nikangoja. Saa moja ikapita. Nikawapigia wenye mtandao wa simu, wakaniambia fedha zimekwisha kwenda kwa wakala wa tiketi. Nikampigia wakala, akasema hajaona kitu. Nikawapigia wenye basi, wakasema wao hawahusiki na mambo ya simu, wao wanajua abiria. Ilipofika saa tatu usiku nikaona nitaumbuka. Nikamwomba binamu yangu aliyeko Iringa akimbie stendi kabla ofisi haijafungwa, akanunue tiketi nyingine dirishani kwa fedha taslimu. Akapata kiti namba 23. Nikalala.

Saa tano usiku ikaingia meseji. Tiketi yako tayari, kiti namba 14.

Asubuhi binamu akarudi stendi kueleza kwamba abiria ni mmoja na tiketi ni mbili. Yule wa dirishani akamsikiliza kwa heshima, kisha akamwambia, “Kaka, tiketi ya simu mimi siwezi kuifuta. Iko kwenye mtambo wa wale wengine.” Wale wengine nilipowapigia wakasema nisubiri, shauri langu linashughulikiwa. Jumapili ikafika, basi likaondoka.

Shangazi aliposhuka Dar es Salaam hakuanza na habari ya safari. Alianza hivi: “Mwanangu, mbele yangu pale kulikuwa na kiti kitupu njia nzima. Tulipofika Mikumi alitaka kupanda mama mmoja na mtoto mgongoni. Kondakta akamkatalia, akasema kiti kina mwenyewe, atapandia Morogoro. Tukamwacha barabarani na mzigo wake. Morogoro tumefika, tumepita, huyo mwenyewe hakupanda.”

Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba mwenyewe alikuwa ni yeye.

Ndugu wasikilizaji, sisemi haya ili mnihurumie. Nauli yangu ilirudi, siku ya kumi na moja. Nayasema kwa sababu nilipomsimulia kijana mmoja, mtoto wa jirani yangu, ambaye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, hakushangaa hata kidogo. Alisema, “Mzee, hapo hakuna aliyekosea. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa. Kilichokosekana ni mtu wa kuijua safari nzima.” Maneno hayo yalinikaa kichwani. Nikaanza kumhoji, na baadaye nikaanza kusoma mwenyewe, na hayo niliyoyapata ndiyo nataka tugawane leo.

Hebu tuanze na duka la mtaani lenye daftari moja. Juma anamlipia Asha deni la shilingi 10,000. Mwenye duka anaandika mistari miwili: kwa Juma anatoa, kwa Asha anaongeza. Kalamu ikimwishia wino katikati ya mistari hiyo, fedha zimetoka kwa Juma na hazikufika kwa Asha. Wataalamu wa kompyuta walilishughulikia tatizo hili tangu miaka ya sabini, na mmoja wa waliolitafakari sana ni Mmarekani Jim Gray, aliyepewa tuzo ya Turing, tuzo kubwa kuliko zote katika fani hiyo, mwaka 1998. Kanuni yao ni kwamba muamala ni ama mistari yote miwili iandikwe, ama usiandikwe hata mmoja. Umeme ukikatika katikati, kompyuta ikiwaka tena inaufuta ule mstari uliobaki yatima. Katika daftari moja, jambo hili leo limekwisha.

Lakini tiketi yangu haikuwa na daftari moja. Ilikuwa na manne. Mtandao wa simu una daftari lake la fedha. Wakala ana daftari lake la maombi. Wenye basi wana ramani yao ya viti. Anayetuma meseji naye ana orodha yake. Na hakuna aliye na ruhusa ya kuandika katika daftari la mwenzake. Ndivyo inavyopasa kuwa, kwani nani kati yetu angekubali kondakta ashike kalamu katika daftari la fedha zake?

Je, madaftari haya yanazungumzaje? Yanapigiana mbiu. Sote tunajua kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Jambo likitokea katika daftari moja, programu yake inatangaza: fedha za ombi fulani zimepokelewa. Haimwamrishi mtu. Inatangaza lililotokea, na anayehusika akisikia atafanya lake, kisha naye atatangaza: kiti kimetengwa. Mwingine akisikia hilo atatuma meseji. Mafundi wanaupenda mtindo huu, na wana haki, kwa sababu mmoja akilala wenzake hawasimami. Tangazo lake linawekwa kwenye foleni, akiamka atalikuta.

Kwa maelezo niliyokuja kupewa baadaye, jioni ile ya Ijumaa kompyuta ya wakala ndiyo iliyokuwa imelala. Tangazo la fedha zangu lilikaa kwenye foleni tangu saa kumi na mbili, limetunzwa vizuri, halikupotea. Usiku kompyuta ilipoamka ikalisoma, ikatenga kiti kwa uaminifu mkubwa, kwa ajili ya mtu aliyekwisha kukata kingine.

Mtu atauliza, kwa nini madaftari yote manne yasiandikwe kwa mpigo mmoja, kama lile la dukani? Njia ipo, nayo ni ya awamu mbili. Msimamizi anauliza kila daftari: uko tayari? Yote yakijibu ndiyo, anatangaza: andikeni. Gray mwenyewe, katika makala yake ya mwaka 1981, alitoa mfano wa ndoa ya Kikristo. Mchungaji anamwuliza bwana, anamwuliza bibi, wote wakiitikia anatangaza kwamba sasa ni mume na mke.

Sasa mimi naongeza la kwangu. Fikirini mchungaji azimie baada ya wote wawili kuitikia, kabla hajatangaza. Maharusi wafanye nini? Kutoka wakaenda zao hawawezi, wamekwisha kuitikia. Kwenda nyumbani kwao wakaanza maisha hawawezi, hawajatangazwa. Watasimama pale mbele mpaka azinduke. Katika kompyuta, kusimama huko maana yake ni kwamba ukurasa umefungwa, na kila mwenye haja na ukurasa huo anangoja nje. Kama ni kufumba na kufumbua, si neno. Lakini yako mambo ambayo kwa maumbile yake ni marefu. Mkopo unaongoja mdhamini atoke safari. Mzigo unaongoja meli. Huwezi kuufunga ukurasa wa fedha za mtu kwa wiki mbili eti kwa sababu afisa fulani yuko likizo.

Hapo ndipo wanaingia mabwana wawili, Hector Garcia-Molina, mzaliwa wa Mexico, na Kenneth Salem. Walikuwa Chuo Kikuu cha Princeton huko Marekani, na mwaka 1987 walitoa makala fupi ambayo mafundi wanaitaja hadi leo. Mambo haya marefu waliyapa jina la saga. Sisi tukisikia saga tunafikiria mahindi na kinu, lakini kwao neno hilo ni kisa kirefu chenye sura nyingi, kama visa vya kale vya watu wa Iceland.

Wazo lao ni hili. Safari ndefu usiifanye muamala mmoja. Ikate vipande, na kila kipande kiwe muamala mdogo katika daftari lake, kianze na kwisha mara moja bila kumfungia mtu ukurasa. Lakini kabla hujaianza safari, kwa kila hatua ya kwenda andika hatua ya kurudi. Umekata fedha, hatua ya kurudi ni kurudisha fedha. Umetenga kiti, hatua ya kurudi ni kukiachia. Ukikwama hatua ya nne, unarudi kwa kufuata nyayo zako: unaitangua ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo penye kiini. Kutangua si kufuta. Ukifuta, jambo linakuwa halikutokea. Ukitangua, jambo lilitokea, watu waliliona, na sasa unafanya jingine la kulisawazisha. Talaka haimfanyi mtu awe hajapata kuoa. Wale mabwana wenyewe walitoa mfano wa viti vya ndege, nami nautia hesabu zangu. Ndege imebakiwa na nafasi 40. Mimi nachukua moja, zinabaki 39. Wewe unakuja nyuma yangu unachukua yako, zinabaki 38. Baadaye mimi naahirisha safari. Programu ya kijinga itakumbuka kwamba ilikuta 40 na itarudisha 40, na hapo kiti chako wewe, ambaye hukuahirisha chochote, kitauzwa kwa mtu mwingine. Programu yenye akili itaongeza kimoja juu ya ilivyo sasa, ziwe 39. Dunia haikusimama kukungoja wakati wewe uko safarini.

Na yapo yasiyotanguka. Meseji iliyosomwa imesomwa. Dawa yake ni meseji ya pili ya kuomba radhi. Basi lililoondoka limeondoka. Kwa hiyo fundi mzuri anazipanga hatua zake kwa kufikiri: zile zinazotanguka kwa urahisi anazitanguliza, isiyotanguka anaiweka mwisho kadiri inavyowezekana. Kuweka akiba ya kiti kwa dakika 15 ni rahisi kutangua. Kuchukua fedha ya mtu ni kugumu zaidi. Kwangu mimi fedha ilichukuliwa kwanza, kiti kikafikiriwa baadaye. Na hatua ya kurudi, ile ya kukiachia kiti namba 14, haikuwa imeandikwa na mtu yeyote. Ndiyo maana yule wa dirishani hakuwa na la kufanya. Hakuwa mkaidi. Hakupewa kitufe.

Sasa, nani aisimamie safari hii? Hapa mafundi wamegawanyika makundi mawili, na nimeambiwa mabishano yao ni makali kuliko ya Simba na Yanga. Kundi la kwanza linasema hahitajiki msimamizi. Kila mmoja asikilize mbiu, afanye lake, atangaze. Ni kama ngoma ya kijijini, hakuna aliyeandika nani aingie lini, lakini kila mchezaji akisikia ngoma inabadilika anajua zamu yake. Kundi la pili linasema lazima awepo nahodha, programu moja ambayo kazi yake ni kuijua safari tu: imeanza lini, iko hatua gani, inamngoja nani.

Mimi si fundi, lakini nina maoni yangu. Wachezaji wakiwa watatu, ngoma inatosha, na nahodha ni gharama ya bure. Wakifika saba au wanane, wengine wa kampuni hii na wengine wa ile, nataka nahodha. Niliuliza swali moja tu Ijumaa ile, tiketi yangu iko wapi, na katika watu watatu hakuna aliyekuwa na ukurasa wenye jibu. Kila mmoja alijua sehemu yake ya ngoma.

Lakini nahodha naye ana adabu zake. Chukueni mwenyekiti wa kamati ya harusi. Hapiki pilau, hampambi bibi harusi, haendeshi gari. Ameshika orodha: ukumbi umelipiwa, mpishi amethibitisha, keki bado. Akianza kuonja mchuzi na kumfundisha mpishi kazi, harusi itaharibika. Nahodha wa kompyuta anayeanza kukokotoa nauli na kuchagua viti anageuka kuwa zigo ambalo kila mtu analiogopa kuligusa. Kadhalika orodha iwe kwenye karatasi, isiwe kichwani. Mwenyekiti akiugua ghafla, mwingine aichukue orodha aendelee pale pale. Programu inayoishika safari katika kumbukumbu yake ya muda tu, umeme ukikatika inaamka haijui hata kama kuna harusi.

Kuna jambo moja ambalo kijana wangu alilisema kwa kupita tu, na mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Mbiu hutangaza lililotokea. Hakuna mbiu ya lisilotokea. Fedha zilipokelewa, mbiu ikapigwa. Kiti hakikutengwa, na kutotengwa huko hakukupiga kelele yoyote. Kulikuwa kimya, na kimya hicho kilidumu saa tano bila mtu kukisikia, isipokuwa mimi niliyeshika simu sebuleni. Kwa hiyo nahodha lazima awe na saa. Anapoanza kungoja anajiwekea kengele: zikipita dakika 15 bila kiti, niamshe. Kengele ikilia anaamua, ama anauliza tena, ama anarudisha fedha na kunijulisha. Na akisha kuamua kurudisha, lile tangazo lililochelewa likija saa tano usiku analiambia: umechelewa, safari hii ilikwisha kufungwa. Kwa kengele hiyo moja, yule mama wa Mikumi angepata kiti.

Jingine ni marudio. Foleni hizi zimetengenezwa zisipoteze tangazo, na kwa sababu hiyo mara nyingine hulileta mara mbili, kama mjumbe asiye na uhakika kama alisikika. Nasi watumiaji tunabonyeza mara mbili tukiona kimya. Dawa yake tunaifahamu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, tumezoea kuona kila muamala una namba yake. Ombi nalo lipewe namba moja tangu mwanzo, na kila daftari likumbuke namba lililokwisha kuzishughulikia. Namba ikija mara ya pili, daftari linajibu: hili nimekwisha kulifanya, na jibu lake lilikuwa hili. Halikati tena fedha.

Na kuna taabu ya wale wenye safari za miezi, ambayo sisi wa nauli ya basi hatuijui. Kanuni hubadilika safari ikiwa njiani. Mwaka 2009 Tanzania ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 20 hadi 18. Fikirini mzigo ulioagizwa kabla ya mabadiliko, ukaletwa na kulipiwa baada yake. Programu itumie ipi? Fundi aliyebadilisha tarakimu moja usiku mmoja akaenda kulala ameacha nyuma safari mamia zilizoanza kwa sheria moja na zitakazomalizika kwa nyingine. Inabidi kila safari ibebe pamoja nayo habari ya kwamba ilianza kwa kanuni zipi, na mwenye mamlaka, si fundi, aseme zipi zifuatwe.

Nilipomaliza kumsikiliza kijana wangu, aliniuliza swali lake. “Mzee, hizo 35,000 zilirudi. Na ile ada ya 1,200?”

Nikamjibu haikurudi, na kwamba nilipouliza niliambiwa ada ni ya huduma, na huduma ilitolewa. Akatikisa kichwa. Akasema hiyo nayo ni hatua ambayo mtu alisahau kuiandikia ya kurudi, au pengine hakusahau.

Shangazi aliiwahi kliniki yake Jumatatu ile, na sasa ana siku nyingine mwezi ujao. Nimemweleza habari yote, pamoja na siri ya kiti kitupu. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanyamaza, akamkumbuka yule mama. Ameniambia safari hii nisimkatie tiketi. Atakwenda stendi mwenyewe, dirishani, na atakiomba kiti namba 14.